Mama amesahau Kiingereza: nyumba za wazee za Uingereza zinaweza kumlea mzee wa Kiswahili?

#1 BintiMkunazini
Assalaam alaikum wanajamvi, na wengine nyote habari zenu. Ninaandika kutoka Milton Keynes. Mama yangu ana miaka 81, ni mzaliwa wa Unguja mjini, na ameishi Uingereza tangu 1972. Kwa zaidi ya miaka ishirini alifanya kazi katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali, na Kiingereza chake kilimtosha hata kubishana na msimamizi wake. Ugonjwa wa kusahau ulipoanza miaka minne iliyopita, kilichotangulia kuondoka ni Kiingereza hicho. Leo hata salamu ya asubuhi haielewi, lakini Kiswahili chake kimebaki kizima, pamoja na methali zake zote.

Tangu mwezi wa tatu yumo katika nyumba ya wazee. Nilikubali baada ya usiku mmoja kutoka nje na kanga tu, akasema anakwenda Darajani, soko la Unguja, kununua samaki, na polisi wakamkuta kando ya barabara kuu. Nyumba yenyewe ni safi na wahudumu ni wapole. Wiki iliyopita, hata hivyo, nilisoma daftari la huduma zake, nikakuta neno moja limejirudia siku kumi na moja mfululizo: "amekataa". Amekataa kuoga, amekataa kwenda chooni, amekataa chakula. Mara mbili imeandikwa kwamba amempiga mhudumu.

Nikaomba ruhusa nikakaa kutwa nzima kuangalia. Chooni hamna kopo wala maji ya kustanjia, ila karatasi tu. Aliyekuja kumwogesha alikuwa kijana wa kiume, akaanza kumfungua vifungo huku akimwita kwa jina lake tupu. Chakula kililetwa na kisu na uma, na aliposhindwa kuvitumia, dada mmoja mwenye moyo mzuri kabisa akaketi kumlisha kwa mkono wa kushoto. Mama akafumba mdomo, na kwenye daftari likaandikwa lile lile neno.

Naomba mnisaidie kufikiri. Ni kitu gani hasa kinachoifanya nyumba ya wazee imfae mtu wa kwetu: ni lugha, ni chakula, ni dini, au ni watu waliomo? Na je, kuna nyumba ya namna hiyo kwa Waswahili wa hapa, au ni jambo la kuanza kulijenga sisi wenyewe?

#2 KigogoWaPwani
Pole sana dada. Nitasema lililo moyoni kwa sababu umeuliza kwa dhati. Sisi hatuna mila ya kumkabidhi mzazi kwa watu baki, na radhi ya mama haitafutwi kwa kumlipia kitanda. Ukikosa nafasi wewe, ukoo mzima hauwezi kukosa. Tatizo si kopo la chooni, tatizo ni kwamba yuko mahali ambapo hakustahili kuwapo.

#3 DadaWaChakeChake
Ndugu yangu wa bandiko namba 2, nakuuliza kwa heshima: mama yako alipougua, ni nani aliyembadilisha nguo usiku? Kwetu tulizaliwa sita, wanaume wanne, na baba alilelewa na mimi peke yangu kwa miaka saba. Kaka zangu walikuja sikukuu, wakatoa fedha, wakasoma dua, wakaondoka. Nilipoumia mgongo kwa kumnyanyua, wote wanne walikubaliana kwamba nyumba ya wazee ni aibu, na hakuna aliyekubali kumchukua. Baba alikaa kwangu hadi alipofariki, nami nina furaha kwamba ilikuwa hivyo, lakini sitakubali binti mwingine aambiwe kwamba amepoteza radhi kwa sababu hakuweza kukesha miaka minne.

#4 KigogoWaPwani
Mama yangu alilelewa na dada zangu wawili. Nimekusikia.

#5 MuuguziWaUsiku
Hamjambo. Mimi ni Mkenya, nimefanya kazi katika nyumba za wazee za kaskazini mwa Uingereza kwa miaka tisa, nyingi zikiwa za zamu za usiku. Dada BintiMkunazini, umefanya jambo ambalo jamaa wengi hawalifanyi, nalo ni kukaa na kutazama. Neno "amekataa" ni neno la mtu ambaye zamu yake inaisha na hana muda wa kuuliza sababu. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau akipiga, mara nyingi anasema "niacheni" kwa njia pekee iliyombakia.

Mambo uliyoyataja si fadhila ya kuombwa. Huku kuna kanuni za mwaka 2014 zinazosimamiwa na CQC, yaani tume inayokagua nyumba hizi. Kanuni ya 9 inadai huduma ifuate mahitaji na mapendeleo ya mtu mwenyewe, na ya 14 inataja waziwazi chakula kinachotokana na dini au utamaduni wake. Omba kikao cha kupitia mpango wa huduma, na kila jambo liandikwe humo: maji chooni, mhudumu wa kike, kula kwa mkono, jina la kuitwa. Lisiloandikwa katika mpango huo hufa zamu inapobadilika. Mimi naweza kumpenda mama yako nikamjua kwa kila kitu, lakini nikienda likizo anakuja mtu wa wakala ambaye hajawahi kumwona, na karatasi ndiyo itakayomwambia.

Kuhusu lugha nina kisa ambacho sijakimaliza moyoni. Tulikuwa na bibi mmoja wa Kigujarati, mzaliwa wa Jinja, aliyefukuzwa Uganda mwaka 1972 na familia yake. Alikuwa amenyamaza kwa miezi, hata kwa wanawe. Asubuhi moja nikamwambia tu, "Hujambo mama, umelalaje?" Akageuka, akanitazama usoni, akasema: "Lete chai. Funga mlango." Wanawe walilia kwa furaha. Nami nilifurahi, kwa sababu tangu siku hiyo alianza kula. Lakini Kiswahili alichokihifadhi kilikuwa Kiswahili cha jikoni, cha kumwamrisha mtumishi, nami nikajikuta nimesimama mahali pa yaya wake wa zamani. Nilimhudumia hadi mwisho na sikumwonea chuki. Ninachosema ni kwamba lugha ikirudi hurudi na nyumba yake yote, na si kila chumba cha nyumba hiyo ni cha upendo.

#6 MbalaziWaKaskazini
Ahsante Muuguzi kwa kisa hicho. Sisi ni watu wa Barawa, tupo London kaskazini, wengi wetu tulikimbia vita vya Somalia vya 1991 tukapitia kambi za Mombasa. Nyanya yangu huzungumza Chimbalazi, ambacho ni Kiswahili chetu cha Barawa. Alipopimwa mahitaji yake, faili liliandikwa "nchi: Somalia", basi akaletewa mkalimani wa Kisomali. Nyanya akamsikiliza kwa adabu, akaitikia kila swali kwa kutikisa kichwa, na ripoti ikatoka kwamba hana shida ya kuelewa. Kumbe alikuwa anamsubiri mgeni amalize ili ampe chai. Tuliomba upimaji urudiwe, wakaleta mkalimani wa Kiswahili kutoka Kongo, kijana mzuri sana, na nyanya akaelewa labda nusu. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema "nyumba ya Waswahili", nauliza kwanza: Waswahili wepi?

#7 KambaYaMnazi
Chimbalazi hakiwezi kuitwa Kiswahili. Nimekisikia na sikufahamu hata sentensi moja nzima.

#8 MbalaziWaKaskazini
Wanaisimu wanakiweka miongoni mwa lahaja za kaskazini za Kiswahili, na jina lake jingine ni Chimwiini, yaani lugha ya mjini. Kwamba wewe hukukifahamu ndiyo hoja yangu yenyewe, ndugu Kamba. Umenisaidia.

#9 NyotaYaScarborough
Nawasalimu kutoka Toronto. Hapa Scarborough kuna Yee Hong, nyumba iliyofunguliwa mwaka 1994 kwa juhudi za daktari Joseph Wong na jamii ya Wachina, baada ya yeye kuona wazee wa kwao wamekaa katika nyumba za kawaida bila mtu wa kusema nao na mbele yao chakula wasichokitambua. Wapishi, wauguzi, sikukuu, michezo, vyote ni vya kwao, na baadaye wakafungua sehemu kwa wazee wa Asia ya Kusini. Imefanikiwa kiasi kwamba mtu husubiri miaka mingi kupata kitanda, na wengine hufariki wakiwa kwenye orodha.

Jawabu langu kwa swali la dada ni idadi. Wachina wa Toronto ni mamia ya maelfu. Jamii ikiwa kubwa, lugha na chakula na dini huja pamoja bila kuombwa. Ikiwa ndogo, kila kimoja hupiganiwa peke yake, kama anavyopigania dada sasa.

#10 MhasibuWaLeicester
Naunga mkono namba 9 na kuongeza mfano wa jirani. Uganda ilipowafukuza Waasia mwaka 1972, zaidi ya watu 27,000 waliingia Uingereza, na wengi walikuja hapa Leicester ingawa halmashauri ya wakati huo ilitoa tangazo gazetini la kuwasihi wasije. Leo mji huu una nyumba za wazee zenye jiko lisiloingiza nyama, wahudumu wanaosema Kigujarati, na chumba cha ibada. Hakuna serikali iliyowajengea kwa huruma. Walikuwa wengi, walikaa mtaa mmoja, walikuwa wafanyabiashara, na baadhi yao waliinunua biashara yenyewe ya nyumba za wazee. Sisi Waswahili tumetapakaa: wachache London, wachache Northampton, wachache Cardiff. Tuseme tunapata wazee arobaini wanaohitaji nyumba mwaka huu. Je, wa Cardiff atakubali kuhamia Northampton, mbali na wajukuu wake, ili apate wali wa nazi?

#11 PwaniMchangani
Huenda tunakosea tukidhani kila mzee anataka watu wa kwao. Halmashauri ilijitahidi ikampatia shangazi yangu mhudumu wa nyumbani ambaye ni Mzanzibari. Shangazi akamkaribisha sebuleni, akamwandalia kahawa na haluwa, akazungumza naye saa nzima, kisha akanipigia simu akaniambia asirudi. Nilipomuuliza sababu alinijibu: "Leo ananiosha, Jumamosi yuko arusini." Alimtaka mtu asiyemjua mama yake wala mtaa wake, ambaye akitoka mlangoni siri ya mwili inatoka naye na kuishia barabarani. Akapewa mama mmoja kutoka Ufilipino, wakaelewana kwa ishara kwa miaka mitatu, na siku ya mazishi mama huyo alilia kuliko baadhi yetu.

Kwetu neno lenyewe ni sitara, nami sijui kama unaweza kuipata katika nyumba ambayo kila mtu anamjua mwenzake.

#12 DadaWaChakeChake
Namba 11 umenigusa. Hata hivyo naona hilo ni la mzee mwenye akili timamu. Akishafika alipofika mama wa BintiMkunazini, hofu ya kusemwa inaondoka, inabaki hofu ya kutofahamu anayekushika ni nani.

#13 MbalaziWaKaskazini
Haiondoki, dada. Nyanya yangu amesahau majina ya wanawe wote lakini hajasahau kufunika kichwa.

#14 HakiNaWajibu
Ninafanya kazi ya ushauri wa kijamii katika shirika la hisani, hivyo naomba nichangie upande wa utaratibu. Kwa Sheria ya Huduma ya 2014, halmashauri ya Uingereza inawajibika kumpima mtu mwenye dalili za kuhitaji msaada. Ikiwa itagharimia makazi yake, yeye ana haki ya kuchagua nyumba, hata iliyo nje ya mji wake, mradi inafaa, ina nafasi, na haizidi kiasi alichopangiwa. Ikizidi, mtu mwingine anaweza kulipa tofauti. Mwenye mali inayozidi pauni 23,250 hujilipia mwenyewe. Pia mama akiwa hawezi tena kuamua, Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya 2005 inamtaka yeyote anayeamua kwa niaba yake azingatie imani, maadili na matakwa aliyokuwa nayo zamani. Hapo ndipo ushahidi wa familia una nguvu: andikeni mama alikuwa mtu wa namna gani.

#15 KambaYaMnazi
Watu waambiwe ukweli wote. Hiyo 23,250 inahesabu na nyumba, kwa hiyo ukimwingiza mzazi tu nyumba imekwenda. Halafu Sheria ya Usawa ya 2010 inakataza kufungua nyumba ya watu wa dini moja, kwa hiyo mazungumzo ya kujenga ni ndoto.

#16 HakiNaWajibu
Ndugu Kamba, yote mawili yanahitaji marekebisho. Nyumba haihesabiwi ikiwa mume au mke bado anaishi humo, au ndugu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi, na hata isipokuwa hivyo, wiki 12 za mwanzo za makazi ya kudumu huachwa nje ya hesabu. Kuhusu Sheria ya Usawa, ina vifungu vinavyoruhusu mashirika ya hisani na ya dini kuwahudumia watu wa kundi lao kwa masharti maalumu. Wayahudi wa London wamekuwa na nyumba zao kwa vizazi, zenye jiko la kosheri na Sabato yake, na hakuna aliyezifunga.

Kwa jamii ndogo nashauri pia mtazame mpango wa mzee kuhamia kwa familia iliyochunguzwa na kulipwa, ambayo humchukua mmoja au wawili tu. Huhitaji wazee arobaini. Unahitaji familia moja ya Kiswahili yenye chumba na subira.

#17 KambaYaMnazi
Nimesahihishwa, nashukuru. La wiki 12 sikulijua.

#18 MlimaWaTheluji
Nipo Göteborg. Sweden ina sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2010, ambayo inazitaka manispaa zilizo katika eneo maalumu la lugha kutoa huduma ya wazee kwa Kifini, Kimeänkieli au Kisami kwa anayeomba. Mzee wa Kifini anaidai lugha yake kama haki. Mzee wa Kisomali au wa Kiswahili katika jengo lile lile anaiomba kama hisani, kwa sababu lugha yake haimo kati ya lugha tano zinazotambuliwa kuwa za wachache wa taifa. Kwa hiyo namba 9 anasema ni idadi, nami nasema ni sheria: Wasami ni wachache kuliko Wasomali wa Sweden, lakini wao wametajwa.

#19 NyotaYaScarborough
Sheria bila watu nayo haizai muuguzi anayesema lugha hiyo. Nimesoma malalamiko mengi ya Wafini wenyewe kwamba haki ipo na mhudumu hayupo.

#20 MuuguziWaUsiku
Hapo mmefika kwenye kidonda. Kuanzia Februari 2022 Uingereza ilifungua viza kwa wahudumu wa wazee, na Waafrika wengi tukaingia, wakiwemo wasemaji wa Kiswahili. Machi 2024 wakakatazwa kuja na familia zao, na tarehe 22 Julai 2025 mlango wa kuajiri wapya kutoka nje ukafungwa. Mhudumu anayeweza kumwambia mama wa dada yetu "pole mama, tulia" alikuwa karibu kupatikana katika kila mji, naye mama yake mwenyewe amebaki Kisii au Bukoba akilelewa na jirani. Hilo la mwisho nalibeba kila zamu.

#21 MjukuuWaNg'ambo
Mimi niko Unguja. Kwa nini mama asirudishwe nyumbani? Hapa hatohitaji mkalimani, na samaki wa Darajani wapo.

#22 HakiNaWajibu
Ni wazo la kheri, lakini lina hesabu zake. Pensheni ya serikali ya Uingereza hulipwa hata Tanzania, ila hubaki pale pale ilipokuwa mtu alipohama, haipandi mwaka hadi mwaka. Posho ya mzee anayehitaji uangalizi hukoma. Na ikiwa mama hawezi kuamua mwenyewe, uamuzi wa kumhamisha nchi unapaswa kupimwa kwa maslahi yake, si kwa hamu ya familia.

#23 BintiMkunazini
Kaka MjukuuWaNg'ambo, nimelifikiri hilo kila usiku. Nilimpeleka 2019, kabla ugonjwa haujaanza. Alisimama mbele ya nyumba waliyokulia akasema hii si yetu, yetu ina baraza. Baraza lilikuwa limebomolewa, na rafiki zake wote walikwishatangulia. Darajani anakotaka kwenda haifikiki kwa ndege.

#24 MwanaTanga
Uzi huu umenifanya niseme jambo la huku kwetu. Tunajadili wazee wetu kuwa wachache ugenini, tukasahau kwamba na sisi tuna wageni waliozeekea kwetu. Mashamba ya mkonge ya Tanga yaliendeshwa kwa nguvu za manamba waliotoka Burundi, Rwanda, Msumbiji na mikoa ya mbali ya bara. Wengi hawakurudi. Wasiokuwa na watoto waliishia katika makazi ya wazee ya serikali. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inasema makazi hayo ni hatua ya mwisho, na jukumu la kwanza ni la familia, lakini sera haisemi familia ya manamba ni ipi.

Nilijitolea kwa mwaka mmoja katika makazi ya namna hiyo. Kulikuwa na babu mmoja, Mrundi, aliyekata mkonge tangu ujana wake. Tulipoanza kujuana alizungumza Kiswahili vizuri. Mwaka ulipokuwa unaisha alikuwa amebaki na Kirundi, na katika nyumba nzima hapakuwa na mtu wa kumjibu. Wahudumu walisema amekuwa mkorofi. Hawakuwa na daftari, lakini wangekuwa nalo wangeandika lile lile neno la mama wa dada. Kwa hiyo ndugu wa namba 2, hata sisi tumewakabidhi wazee kwa watu baki, ila hawakuwa wazee wetu.

#25 MjukuuWaNg'ambo
Ni kweli. Hata hapa Unguja, katika nyumba za Sebleni na Welezo, niliowakuta nilipokwenda ni wazee waliokosa jamaa, na baadhi yao walikuja kisiwani kutafuta kazi ujanani. Tunashukuru kwamba tangu Aprili 2016 kila aliyefika miaka 70 hupata pensheni jamii, ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na sasa ni 50,000. Inamnunulia mtu sukari na heshima kidogo mbele ya mkwe. Wa kuzungumza naye kwa lugha yake hainunui.

#26 KigogoWaPwani
Mwana Tanga, sina jibu. Nilikulia karibu na shamba la mkonge.

#27 SafariYaMinnesota
Habari za Minneapolis. Wasomali wa hapa hawakuanza na nyumba za kulala, wana vituo vingi vya kutwa: gari humfuata mzee asubuhi, anakuta chai, wenzake, sala ya adhuhuri, muuguzi wa kumpima sukari, na jioni anarudi kwa wanawe. Wazo hili ni la zamani. Katika mtaa wa Wachina wa San Francisco shirika la On Lok liliundwa mwaka 1971 kwa sababu hiyo hiyo, wazee wapate huduma zote bila kuhama mtaa wao, na serikali ya Marekani baadaye ikaueneza mfumo huo katika majimbo mengi. Kituo cha kutwa kinahitaji ukumbi na jiko, na ukumbi wa msikiti upo.

#28 BintiMkunazini
Ahsante sana. Kwa mama tatizo ni usiku. Mchana hata mimi namuweza.

#29 UfukoWaAmsterdam
Natoa tahadhari kwa wanaotaka kujenga. Wamoluku waliletwa Uholanzi mwaka 1951, askari wa jeshi la kikoloni na familia zao, watu wapatao 12,500, wakaambiwa ni kwa muda mfupi. Hawakurudi. Walipozeeka zikapatikana nyumba na sehemu za nyumba kwa ajili yao, chakula cha kwao na Kimalay chao. Leo wajukuu wao ni Waholanzi kwa lugha, na kila anapofariki mzee mmoja swali la nani atakilalia kitanda kile linarudi. Los Angeles nako, shirika la Keiro la Wamarekani wenye asili ya Japani liliuza nyumba zake za wazee mwaka 2016 kwa kampuni ya biashara, na watu walioandamana kupinga walikuwa watoto na wajukuu wa waliozijenga. Tukijenga leo kwa ajili ya mama zetu, je, tunajijengea na sisi? Mimi nikizeeka nitataka nini, uji wa mtama au jibini?

#30 DadaWaChakeChake
Utataka uji, ndugu yangu. Subiri tu ufike.

#31 MhasibuWaLeicester
Kuna jambo halijatajwa, na si vizuri kulikwepa. Mzee huingia nyumba hizi akijua atatokea wapi. Katika mpango wa huduma andikeni mapema: alazwe kuelekea kibla akikata roho, apigiwe simu nani, asivuliwe na wanaume, nani ataosha maiti. Tangu tarehe 9 Septemba 2024 kila kifo huku hupitiwa na daktari mkaguzi kabla ya cheti kutoka, isipokuwa kile kinachokwenda kwa mchunguzi wa vifo. Ulizeni sasa utaratibu wao wa Jumamosi na Jumapili ukoje. Sisi tulijifunza kwa kumsubirisha baba siku nne.

#32 BintiMkunazini
Natoa taarifa. Nilifanya kama alivyosema dada Muuguzi, kikao kikafanyika Jumanne. Kopo la plastiki la kijani lipo chooni, na siku ya kwanza tu mama alikwenda mwenyewe, akajistanji, akatoka akinung'unika kwamba maji ni baridi. Anakula kwa mkono wake, na uzito umeongezeka nusu kilo. Waliweka kanga juu yake wakati wa kumwosha, na mhudumu ni mwanamke. Kuoga bado anakataa siku nyingi, kwa hiyo kipo kitu ambacho sijakiona.

Wahudumu wenyewe waliomba niwaandikie maneno machache ya Kiswahili ya kubandika juu ya kitanda. Nimeandika: "Shikamoo Bi Mkubwa", "pole", "maji", "unaumwa?", "chai", "twende chooni", "binti yako anakuja". Naomba mnisahihishe kabla sijayachapisha.

#33 PwaniMchangani
"Twende chooni" ondoa. Mtu wa umri wa mama na wa mji ule haambiwi hivyo na mtoto. Andika "twende msalani".

#34 KambaYaMnazi
Wahudumu ni wageni, wape neno jepesi. Choo kila mtu anakijua.

#35 MbalaziWaKaskazini
Anayetakiwa kulijua ni mama, si wahudumu. Kwetu nyanya akisikia neno zito hugeuka ukutani.

#36 MuuguziWaUsiku
Naunga mkono msalani. Na hilo "binti yako anakuja", dada, waambie walitumie siku unayokuja tu. Nimeona wazee wakikaa na mkoba mapajani hadi saa nne ya usiku.

#37 BintiMkunazini
Nimelifuta. Nimeandika "msalani" na nimewaandikia jinsi ya kulitamka. Kesho nitakaa tena kutwa, saa ya kuoga.